Kukausha, Kugandisha au Kupolimisha? Istilahi ya Uundaji wa Maumbo Madogo ya Polima kwa Leza

1.0 Utangulizi

Mwaka 2001, watafiti wa Chuo Kikuu cha Osaka, Japani, walionyesha sanamu ya fahali yenye urefu wa mikromita 10 na kimo cha mikromita 7, ukubwa unaokaribiana na ule wa chembe nyekundu ya damu. Sanamu hiyo iliundwa kwa leza ndani ya kimiminika. Makala hii inafafanua mchakato huo na kuonyesha kwamba kitenzi kimoja kikiteuliwa vibaya humpotosha mwanafunzi.

2.0 Mchakato

Kiini chake ni ufyonzaji wa fotoni mbili, uliobashiriwa na Maria Göppert-Mayer katika tasnifu yake ya udaktari iliyochapishwa mwaka 1931. Molekuli hufyonza fotoni mbili kwa pamoja, ambazo nishati ya kila moja pekee haitoshi. Ufyonzaji huu hufuata mraba wa ukali wa mwanga: ukali ukipungua mara 10, ufyonzaji hupungua mara 100. Ndiyo maana mwanga hupenya kimiminika bila kukibadili, isipokuwa katika nukta ndogo unapokusanywa na lenzi. Nukta hiyo inaposogezwa, umbo hujengeka hatua kwa hatua. Kisha kimiminika kilichosalia huoshwa kwa kiyeyushi. Kwa kuwa polima kwa kawaida haipitishi umeme, aghalabu umbo hupakwa utando mwembamba wa dhahabu kabla ya kupigwa picha kwa hadubini ya elektroni.

3.0 Uteuzi wa Kitenzi

*Kukausha* hudokeza kwamba maji yametoka, ilhali hapa hakuna kinachovukizwa. *Kugandisha* hukaribia zaidi, lakini mafuta ya nazi yaliyoganda kwa baridi huyeyuka yapatapo joto. Umbo hili halirudi kuwa kimiminika, kwani molekuli zake zimeungana kikemia. Kitenzi *kupolimisha* hubeba jina la zao lenyewe, *polima*, na kiambishi *-ish-* humdhihirisha msababishaji, yaani mwanga. Kutokana nacho hupatikana *upolimishaji wa fotoni mbili*.

4.0 Hitimisho

Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba leza “hukausha” atatafuta joto na mvuke, asivipate. Kisha ataamini kuwa Kiswahili ndicho kilichoshindwa. Kilichoshindwa ni uteuzi wetu. Inapendekezwa kwamba waundaji wa istilahi wauelewe mchakato kwanza, ndipo waupe jina.