Kiti cha Uani Kianze na Mzee wa Nyumba

Familia nyingi zikijaaliwa nafasi kidogo nje ya nyumba, iwe ni ua, kibaraza au roshani ya ghorofani, huanza kwa kununua seti ya viti iliyopendeza macho kwa fundi wa kando ya barabara. Seti huletwa na kupangwa, na baada ya miezi michache hugeuka kuwa pahala pa kuanikia nguo. Wakati huohuo bibi wa nyumba hiyo hushinda chumbani. Upepo anaupenda, lakini kiti cha uani ni kifupi mno, na akikaa hawezi kuinuka bila ya kushikwa mkono. Kwetu sisi, swali la kwanza la kuuliza ni nani atakayekikalia kiti hicho, kabla ya kuuliza bei na rangi.

Mzee huhitaji kiti ambacho kikalio chake kiko baina ya sentimita 45 na 50 kutoka sakafuni, chenye mikono imara ya kujikongojea na mgongo ulionyooka. Vijana na watoto wanatosheka na mkeka au jamvi, ambalo jioni hukunjwa na kuacha nafasi wazi. Basi mwenye ua mdogo hahitaji viti sita. Kiti kimoja kizuri cha mzee, benchi moja la ukutani na mkeka mpana huwatosha wenyeji na wageni.

Wazee wetu wa mwambao walilijua jambo hili. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, baraza za mawe zimejengwa kuambatana na kuta za nyumba. Hazichukui nafasi ya ziada, na mgeni wa kiume hupokewa hapo kwa heshima bila ya kuvunja sitara ya wa ndani. Mwenye ua mwembamba leo anaweza kujenga baraza kama hiyo kwa matofali na saruji, akaitandikia mito jioni.

Kwa wanaonunua, tuzingatie kinachoweza kustahimili hali yetu ya hewa. Mbao za mvule, na za mtiki unaopandwa Longuza wilayani Muheza, huvumilia mvua na mchwa kwa miaka mingi. Mbao za paini ni nafuu, lakini zisipotiwa dawa huoza upesi zikilowa. Chuma karibu na bahari huliwa na chumvi ya hewani, na kutu huanzia kwenye maungio ya kuchomelea. Kipakwe rangi ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya mwisho. Plastiki ni nyepesi na hufaa kwa shughuli, ila jua huifanya ikauke na kupasuka, na miguu yake huteleza na kutanuka juu ya vigae. Mzee asikalishwe juu ya kiti cha plastiki kilichokwisha kupauka. Viti vya matairi makuukuu navyo vitobolewe chini, kwani maji yakituama ndani yake huwa mazalio ya mbu.

Kabla ya kupanga chochote, tutandike mkeka mahali tunapopakusudia, tukae hapo baada ya Alfajiri, kisha Adhuhuri, kisha Alasiri. Upande wa mashariki wa nyumba hupata kivuli jioni, ilhali wa magharibi huchomwa na jua hadi karibu na Magharibi. Tutazame pia macho yetu yanaelekea wapi. Kiti kikielekea dirisha la jirani, kigeuzwe kitazame mti au ukuta wetu wenyewe. Kisha tuchore kwa chaki vipimo vya kiti sakafuni, tukiacha njia ya sentimita 90 ikiwa nyumbani yupo anayetumia mkongojo au kiti cha magurudumu.

Wanaoishi ghorofani wana tahadhari moja isiyopuuzwa. Benchi, meza wala chungu kikubwa cha maua visisogezwe kwenye ukingo wa roshani, kwani mtoto hupanda hapo na kuuvuka ukingo. Viti viegemee ukuta wa nyumba.

Na anayeweka benchi nje ya geti akumbuke kwamba kichochoro ni cha wote. Mtume (s.a.w.) ametufunza kuwa anayeketi njiani huipa njia haki yake, na miongoni mwa haki hizo ni kuinamisha macho, kujizuia na maudhi na kuitikia salamu. Benchi linalomlazimisha mama mjamzito au kijana mwenye mkokoteni kushuka mtaroni limekwisha kuwa maudhi.

Kabla ya kumlipa fundi, basi, bibi au babu apelekwe akakijaribu kiti mwenyewe. Akiinuka peke yake bila ya kushikwa, kinunuliwe.