Diski ya Kompyuta Ikiharibika: Pima Kwanza, Nunua Baadaye

Katika nyumba nyingi za askari siku hizi, pembeni mwa sebule, karibu na redio na kabati la vyombo, huwapo kompyuta ya mezani. Watoto huitumia kwa masomo, mama huandika humo hesabu za biashara yake ndogo, na baba arudipo kutoka zamu huhifadhi picha na nakala za vyeti vyake. Kisha yafika majira ambapo kompyuta hiyo huanza kwenda kwa kusuasua kama lori lipandalo mlima. Husikika mlio wa tik, tik, tik kutoka ndani ya sanduku lake, na asubuhi moja kioo hubaki cheusi.

Na uchukuliwe mfano wa mke wa sajini aishiye kambini Gulu. Kompyuta yake ikiwa imefikwa na hali hiyo, ampa fedha kijana aendaye Kampala na kumwagiza alete diski ya kompyuta, bila kueleza zaidi. Kijana asafiri zaidi ya kilomita 300, arudi na diski safi ya bei nafuu. Fundi afunguapo sanduku, plagi ya kompyuta yakataa kuingia katika diski mpya. Fedha ya akiba imekwenda, nauli imekwenda, na kompyuta ingali imelala. Kosa hapo si la kijana wala la mwenye duka. Kosa ni kununua kabla ya kupima.

OKOA KILICHOMO KWANZA

Diski kuu ndiyo ghala la kompyuta. Ndani ya ile ya kawaida mna visahani vizungukavyo mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na juu yake hupita vichwa vidogo vya kusomea bila kuvigusa. Nafasi iliyopo kati ya kichwa na kisahani ni ndogo mno kuliko unene wa unywele. Ndiyo sababu diski huumizwa na mtikisiko, hasa ikitikiswa ingali inazunguka. Familia inayohamishwa kutoka kambi moja hadi nyingine yafaa iizime kompyuta kabisa kabla ya kuinyanyua, na safarini iifunge kwa blanketi, isitupwe chini ya masufuria.

Mlio wa tik ukianza, watu wengi huwasha na kuzima mara kumi wakitumaini kwamba hali itatengemaa. Hilo ni jambo la hatari, kwa kuwa kila kuwasha huweza kukikwaruza kisahani zaidi. Ikiwa kompyuta bado yawaka, picha na hati zinakiliwe mara moja katika fleshi au diski ya nje, zikitangulia zile zisizo na nakala mahali pengine. Diski mpya hupatikana dukani. Picha za baba akiwa kazini Somalia hazipatikani dukani.

PLAGI NDIYO SHERIA

Askari ajua kwamba risasi ya AK-47 na ile ya G3 zote huitwa za milimita 7.62, lakini magamba yake hayalingani, na moja haitumiki katika bunduki ya nyingine. Diski nazo ni vivyo hivyo: zaweza kufanana kwa sura na zisikubaliane kamwe. Kwa hiyo, kabla ya kwenda dukani, kompyuta izimwe, waya wa umeme uchomolewe ukutani, mkono uguse chuma kitupu cha sanduku ili kuondoa umeme tuli mwilini, ndipo ubavu wa sanduku ufunguliwe kwa bisibisi.

Itazamwe nyaya ziendazo kwenye diski ya zamani. Ikiwa kuna waya mpana kama utepe, wenye plagi ya matundu ya pini 40, hiyo ni diski ya aina ya IDE, iliyotumika katika kompyuta za miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ikiwa waya ni mwembamba, plagi yake haizidi upana wa kidole, na tundu lake lina kona kama herufi L, hiyo ni SATA, iliyoanza kuenea mwaka 2003. Kompyuta nyingi za mezani zilizomo majumbani ni za aina hii ya pili. SATA ina kasi za aina tatu, ya 1.5, ya 3 na ya 6, lakini hilo lisimtie mtu hofu: diski mpya yenye kasi ya 6 hufanya kazi katika kompyuta ya kasi ya 3, ila itakwenda kwa mwendo wa yule mkongwe.

Hapa ndipo penye mtego uliomnasa yule kijana. Katika maduka ya vitu vilivyotumika huuzwa diski za SAS, zilizotolewa katika kompyuta kubwa za maofisi. Bei yake huvutia na nafasi yake ni kubwa. Lakini pale ambapo diski ya SATA ina pengo kati ya tundu la data na tundu la umeme, ile ya SAS imezibwa, hivyo plagi ya SATA haiingii. Anayeilazimisha atavunja plagi, na hata kama ingeingia, kompyuta ya nyumbani haielewi lugha ya diski hiyo.

UMBO NA NAFASI

Diski ya kompyuta ya mezani huitwa ya inchi 3.5, upana wake ni kama sentimita 10. Ile ya kompyuta ya mkononi ni ya inchi 2.5, yenye upana wa sentimita 7 hivi. Ikiwa ni ya SATA, diski ndogo nayo hufanya kazi katika kompyuta ya mezani, ila yahitaji kishikizo cha kuijaza nafasi, na skrubu zake ni nyembamba kuliko za ile kubwa.

Kuhusu ukubwa wa ghala, familia nyingi hutosheka na gigabaiti 500 au terabaiti 1. Diski ya gigabaiti 1,000 ikionyesha 931 katika Windows, mnunuzi hajaibiwa: kiwanda huhesabu kwa 1,000 na kompyuta huhesabu kwa 1,024. Lakini mwenye kompyuta ya zamani asikimbilie diski kubwa mno, kwa sababu mpango wa zamani wa kugawa diski hauwezi kuhesabu zaidi ya terabaiti 2.2, na kinachozidi hapo huwa shamba lisilolimika.

ISIYOZUNGUKA

Ipo pia diski ya SSD, isiyo na kisahani wala kichwa. Huvumilia mtikisiko kuliko ile izungukayo, na kompyuta iliyozeeka huamka nayo upesi. Kwa gigabaiti zile zile bei yake ni kubwa zaidi, lakini kwa familia ya kuhamahama gigabaiti 240 za SSD zaweza kufaa kuliko terabaiti ya kuzunguka. Iliyo salama kuchagua ni ile ya SATA ya inchi 2.5. Zile nyembamba kama kipande cha chingamu, ziitwazo M.2, zahitaji tundu lake maalumu katika ubao mkuu wa kompyuta. Nazo zimegawanyika, nyingine za SATA na nyingine za NVMe, na tundu la moja si lazima liikubali nyingine.

KARATASI YA KUPELEKA DUKANI

Mke wa sajini angeliandika mistari mitano tu, asingelipoteza kitu: aina ya plagi, upana wa diski kwa sentimita, ukubwa wa gigabaiti, jina na namba ya kompyuta iliyobandikwa kwenye sanduku, na maneno haya: «isiwe SAS». Iliyo bora zaidi ni kuipiga picha kwa simu lebo ya diski ya zamani pamoja na matundu yake, kijana akaionyesha dukani. Akikuta diski iliyotumika, aombe ijaribiwe mbele yake na aonyeshwe saa ambazo imekwisha kufanya kazi, kwa kuwa diski yenyewe hutunza hesabu hiyo. Risiti iandikwe muda ambao inaweza kurudishwa.

Baada ya diski mpya kuwekwa, ile ya zamani isiachwe kwa fundi wala isitupwe jalalani. Hata ikionekana imekufa, mtaalamu aweza kuvisoma visahani vyake, na humo mna vyeti, picha za watoto na namba za benki. Ikiwa kuna kitu ambacho hakikuokolewa, ihifadhiwe kabatini ikiwa imefungwa vizuri mpaka apatikane mtaalamu. Ikiwa yote yamekwisha nakiliwa, ifunguliwe, na visahani vyake viharibiwe kwa nyundo mbele ya mwenye nyumba.