Je, Wajua? Kiangazi katika rweya ya Kamachumu

Juni hadi Agosti mvua hupungua Buhaya, nyasi hukauka, na mpita njia huiona rweya, yaani uwanda wa nyasi, kama ardhi tupu iliyolala kati ya kijiji na kijiji. Tupu? Vaa viatu vya kufunika vidole, twende.

Je, wajua kwamba jani linalotawala rweya nyingi za huku limepewa jina la Kagera? Wataalamu wa mimea huliita Loudetia kagerensis. Huota kwenye udongo mwembamba wa mchanga na mawe, mahali ambapo mgomba usingefika mwaka wa pili. Hata hivyo ni nyasi za rweya zilizoezeka misonge na kutandazwa chini ya migomba vizazi na vizazi. Kibanja cha migomba kinachosifiwa kwa rutuba kimekula rweya miaka yote hiyo, wala hakijawahi kushukuru.

Je, wajua kwamba senene husikia kwa miguu? Ukimpata mmoja nyasini, mshike taratibu umtazame mguu wa mbele, chini kidogo ya goti. Utaona kijitundu chembamba kama mkato wa wembe: hilo ndilo sikio, na mguu wa pili unalo lake. Anayeimba ni dume, kwa kusugua mabawa ya mbele. Papasi zake ni ndefu kuliko mwili. Za nzige ni fupi, kwa hiyo anayekuambia senene ni nzige mdogo mpuuze. Makundi makubwa subiri Novemba. Ukimkausha, karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, ndiyo maana hukaangika bila kuongezewa mengine. Zamani wanawake wa Kihaya waliwakusanya, wakawachambua na kuwapika, kisha wakakatazwa kuwala. Aliyetunga mwiko huo bila shaka alikuwa mume wa mtu.

Je, wajua kwamba muhumula, mti wetu wa mbao, ni mvamizi huko Usambara? Jina lake la kitaalamu, Maesopsis eminii, linamkumbuka Emin Pasha, aliyeanzisha kituo cha Wajerumani Bukoba mwaka 1890. Huku ni mwenyeji wa asili. Ulipandwa milima ya Usambara karne ya 20, hondohondo wakayapenda matunda, wakazitawanya mbegu ndani ya msitu wa Amani. Sasa wahifadhi wa kule wanahangaika nao.

Je, wajua kwamba mbuni wa robusta hauwezi kujichavusha wenyewe? Lazima chavua itoke kwenye mbuni mwingine, kwa upepo au kwa wadudu. Mwenye mbuni mmoja uani asilaumu mbolea.

Je, wajua kwamba korongo wenye taji ndio korongo pekee wanaolala juu ya miti? Kidole chao cha nyuma ni kirefu, hukamata tawi barabara. Korongo wengine hawawezi. Mtafute bondeni, penye majimaji. Waganda wamemweka kwenye bendera yao, lakini tangu 2012 yumo katika orodha ya ndege walio hatarini kutoweka.

Je, wajua kwamba mbegu za kishonanguo zilizonasa kwenye suruali yako zina asili ya Amerika? Kila mbegu ina miiba miwili au mitatu yenye vijino vinavyoelekea nyuma. Ukifika nyumbani ukazichomoa na kuzitupa uani, umeshapanda.

Na mbayuwayu je? Yule wa Ulaya huja Oktoba, akaondoka Aprili. Wakati huohuo anaoondoka huingia mwingine, mbayuwayu wa buluu, mwenye mkia mrefu na rangi inayong'aa kama chuma. Huzaliana kwenye nyanda za juu za kusini, Njombe na Kitulo, kisha hupanda mpaka nyasi za bonde la Ziwa Victoria, upande wa Minziro, akae hadi Septemba. Kwa hiyo kiangazi chetu ni likizo yake. Hula wadudu anaowadaka akiruka chinichini juu ya nyasi, na nyanda zake zinazidi kugeuzwa mashamba na misitu ya kupandwa, ambayo haimfai kitu. Wewe mwenye kiberiti Agosti hii, na wewe unayepanga kupanda misonobari rweya nzima: acheni kipande.