Kanyanga kwa mtoto: bongo iko na la kusema

Kwenye mashimo ya Kamituga, kijana wa miaka 14 anapewa kanyanga asubuhi, eti asisikie baridi ya maji. PDG anacheka, wakubwa wanacheka. Kisha miaka mitano akiikosa anatetemeka, na nyumbani tunasema: ni tabia yake, hata baba yake alikuwa vile.

Juu ya huyo baba, wanasayansi wako na neno. Mwaka 1984, kule New York, Henri Begleiter na wenzake walipima vijana 25 wa miaka 7 mpaka 13 wenye baba zao walikuwa walevi, na 25 wengine wenye baba zao hawakuwa walevi. Watoto wenyewe hawakuwa wanakunywa bado. Waliwabandika nyaya kwa kichwa, zile zinakamata umeme kidogo wa bongo (haziumize, hazitoboe). Mtoto akiona kwenye kioo alama yenye hakuizoea, bongo inatuma wimbi nyuma ya kama sehemu ya tatu ya sekunde. Kwa watoto wa walevi, lile wimbi lilikuwa fupi.

Basi kuko watoto wenye kubeba hatari mbele ya kugusa chupa. Tuache kuwaita wabaya. Lakini wimbi haliko hukumu: linatofautisha makundi, halisemi huyu mtoto wako atakuwa mlevi. Na mashine yenyewe tutaitoa wapi?

Kitu kimoja hakiombe mashine: umri wa kuanza. Hesabu ya Marekani ya 1997 ilionyesha kwamba kati ya wenye walianza kunywa mbele ya miaka 15, karibu 40 kwa 100 walifikia kuwa watumwa wa pombe. Wenye walianza na 20 ao zaidi, karibu 10 kwa 100. Umri haufanye yote peke yake, ni kweli. Lakini sehemu ya bongo yenye kutuambia "simama" inakomaa mpaka karibu miaka 25, na sisi tunaimwangia kanyanga kwa 14.

Sheria inapatia kadi ya mchimbaji mtu mzima tu. Mtoto hapashwe hata kuwa shimoni! Sindika inadai kofia na buti kila mwaka. Idai pia kanyanga isiwe mshahara wa mtu yeyote.

Na mwenye amekwisha kukamatwa, wazazi, musimufungie chumbani aache siku moja. Kukata pombe gafula kunaweza kuleta kifafa, hata kifo. Hapa Bukavu kuko SOSAME, wanatunza magonjwa ya akili. Mumupeleke kule, ao kwa hopitali ya karibu.