Kukusanya Stempu

Kijana atakaye kukusanya stempu hahitaji fedha nyingi. Yafaa kwanza awaombe wazee wake bahasha za zamani, kwani siku hizi barua ni chache, na bahasha hizo huchomwa pamoja na takataka.

Bahasha kuukuu yenye mhuri wa posta unaosomeka isikatwe, bali ihifadhiwe nzima. Katika nyingine, stempu isibanduliwe kwa kucha, maana ikichanika hupoteza thamani. Kata karatasi kuizunguka, iloweke katika maji baridi mpaka iachane nayo, uianike kivulini, kisha uibane ndani ya kitabu kizito. Zile za kisasa zenye gundi kavu nyingi hazibanduki majini. Ziache na kipande cha bahasha.

Tena chagua jambo moja, kama ndege, reli, au nchi moja. Anayezipanga stempu zetu kwa miaka ataona kuwa tangu 1935 ziliandikwa Kenya, Uganda na Tanganyika pamoja, na baada ya Muungano wa 1964 jina la Tanzania likashika mahali pa Tanganyika. Hiyo ni historia iliyobandikwa barua. Zinazozidi, badilishaneni na wenzenu.