Jua la Kununua

Mimi ni fundi umeme. Kwetu Tanga, naishi Hamburg, na bangi sivuti. Nalisema hilo mapema ili msomaji asitegemee habari za moshi. Zangu ni za taa na soketi. Ila tangu tarehe 1 Aprili 2024, sheria mpya ya Ujerumani ilipoanza kutumika, naitwa majumbani kwa watu kukagua kitu ambacho zamani wangekificha hata kwa ndugu zao: hema jeusi limesimamishwa chumbani, na ndani yake miche mitatu ya bangi.

Mitatu, si minne. Mtu wa miaka 18 na kuendelea, ambaye ameishi nchini angalau miezi sita, anaruhusiwa kuotesha mimea isiyozidi mitatu kwa wakati mmoja, nyumbani kwake, kwa matumizi yake mwenyewe. Mume na mke wanaweza kuwa nayo sita, kila mtu na mitatu yake. Bangi iliyokaushwa isizidi gramu 50 ndani ya nyumba, na akitoka nayo nje isizidi 25. Kuuza ni kosa. Hata kumpa jirani bure ni kosa. Maduka ya kuuzia watu wote hayakuruhusiwa. Asiyetaka kuhangaika na udongo anajiunga na chama cha wakulima wa bangi, ambacho wanachama wake hawatakiwi kuzidi 500. Kwa Kenya na Tanzania habari ni nyingine kabisa: kupanda ni jinai, na kule Arumeru, Tanzania, mashamba yanafyekwa na kuchomwa moto.

Nilipomweleza mjomba wangu kwa simu, alicheka hadi akakohoa.

"Ngoja kwanza, mpwa wangu. Mmea unaojiotea wenyewe jalalani, wao wanaununulia jua?"

"Ndiyo, mjomba. Na bili inakuja."

Swali lake ndilo kiini cha jambo lote. Bangi ni mmea unaoupima usiku. Mchana ukiwa mrefu, wenyewe unarefuka na kutoa majani tu. Giza likifikia kama saa 12 mfululizo, unaona msimu unakwisha na kuanza kutoa maua, na maua hayo ndiyo mtu anayoyatafuta. Hamburg, mwezi wa Juni mchana unafika saa 17. Desemba haufiki hata saa nane. Kwetu Tanga mwaka mzima mchana na usiku wanagawana karibu sawa. Mbegu za ukanda wetu zimeizoea hali hiyo na zinajikulia taratibu. Huku Ulaya ya kaskazini mmea ulioachwa nje unangoja mpaka usiku urefuke, kisha unachanua Septemba, mvua na baridi ndivyo vinaingia, na ukungu unayaozesha maua kuanzia ndani kabla mwenyewe hajajua. Ndiyo maana watu wanaingia hemani.

Ndani ya hema, mbingu inaendeshwa kwa swichi ya saa. Kwanza taa inawaka saa 18 na kuzimwa saa sita, mmea ukue. Ukifika kimo anachotaka mwenye hema, anageuza: saa 12 za mwanga, saa 12 za giza, na baada ya wiki nane hadi kumi hivi maua yamekomaa. Kuna na mbegu zilizochanganywa na aina fupi ya porini kutoka nchi za baridi. Hizo hazijali usiku, zinachanua kwa umri wake. Wavivu wanazipenda, na siwalaumu.

Mteja mmoja, dereva wa basi mstaafu mwenye maumivu ya mgongo, aliniita kwa sababu swichi kuu ilikuwa ikijikata kila usiku. Hema lake lilikuwa la sentimita 80 kwa 80, safi kuliko jiko langu. Alinionyesha kwa fahari jinsi alivyoziba kwa utepe mweusi kile kitaa chekundu cha kwenye ekstensheni, maana alisikia kwamba hata mwanga mdogo wakati wa giza unauvuruga mmea. Ni kweli unaweza kuuvuruga. Lakini ekstensheni yenyewe ilikuwa imelala sakafuni, chini kabisa ya trei ya kumwagilia maji, na soketi zake zimetazama juu.

Haikuishia hapo. Ilikuwa ekstensheni ya gurudumu, ile ambayo waya wake unazungushwa kama uzi kwenye kibiringo, na alikuwa amevuta mita moja tu. Taa ya wati 150 isingeleta shida. Majira ya baridi yalipoingia, yeye akachomeka na hita ya wati 2,000 hapo hapo. Waya uliojiviringisha hauna pa kupumulia joto. Niliugusa ukawa wa moto, na plastiki imeanza kulainika. Kilichokuwa kikikata umeme kilikuwa unyevu ulioingia kwenye soketi, na kwa kweli kile kifaa cha swichi kuu kinachojikata kilikuwa kikimwokoa. Yeye alikuwa anataka nikibadilishe kwa sababu "kimeharibika".

Nilimfungia soketi ukutani, juu ya usawa wa trei, na nikamfundisha jambo ambalo kila fundi analijua: waya uachie tumbo lining'inie chini kabla haujapanda kwenye soketi, ili maji yakitambaa juu yake yadondokee tumboni na yasiingie ndani. Hita akaihamishia kwenye soketi yake peke yake. Mimea haikuwa na neno, ilikuwa imestawi vizuri tu.

Sasa bili. Taa ya wati 150 ikiwaka saa 18 inakula uniti 2.7 kwa siku. Ikiwaka saa 12, uniti 1.8. Mwezi mmoja wa kukuza na miezi miwili na kidogo ya maua, jumla ni kama uniti 200. Huku uniti moja ni senti 35 hadi 40 za yuro, kwa hiyo ni yuro 70 hadi 80, kabla hujahesabu feni na hita. Zamani za kujificha, watu walitumia taa za sodiamu za wati 400 au 600, zenye mwanga wa njano kama zile za barabarani, na joto lake lilitosha kukausha nguo. Taa za LED ndizo zilizomwezesha mtu wa kawaida kuwa mkulima wa chumbani.

Harufu nayo ina gharama yake. Wiki za maua inapita chini ya mlango na kupanda ngazi za jengo zima, hivyo hewa inavutwa kwa feni na kupitishwa kwenye chujio la mkaa. Unyevu ni mbaya zaidi, kwa sababu maji yote unayoyamwagilia yanatoka kupitia majani na kwenda kutua kwenye ukuta wenye baridi, na mwenye nyumba akikuta ukungu ukutani hatauliza habari za sheria mpya. Nikiona kuna watoto, naangalia pia kufuli. Sheria inadai mimea na mavuno viwe mahali wasipofika, na zipu ya hema si kufuli.

Kinachowashangaza wengi ni mavuno. Mimea mitatu iliyotunzwa inaweza kupita gramu 50 kwa urahisi. Zikizidi hapo ni faini, zikipita 60 ni jinai. Kinachozidi kinatakiwa kuharibiwa, na nimemsikia mtu akilalamika kwa uchungu kwamba ametunza miezi minne ili akatupe nusu. Ajabu ya sheria hiyo naiona na mimi: inampimia mtu idadi ya mimea kisha inampimia uzito, na hesabu mbili hizo hazikubaliani.

Kazi ikiisha, kuna wanaotaka kunipa kikopo kidogo kama asante. Nakataa. Wao hawaruhusiwi kunipa, na mimi nina gari la kazi limeegeshwa nje, katika nchi ambayo tangu Agosti 2024 kiwango cha kilevi cha bangi cha kukamatwa nacho barabarani ni nanogramu 3.5 kwa mililita ya seramu ya damu, na mvutaji wa kila siku anaweza kukutwa nacho hata kama jana na leo hakugusa. Kahawa napokea. Ankara naituma kwa posta.