Waya wa Spika Hununuliwa kwa Kisu

Ukienda Luthuli, Nairobi, kununua waya wa spika, beba kisu. Mimi hukwaruza ncha ya uzi mmoja kabla ya kuuliza bei. Ukibaki mwekundu hadi ndani, ni shaba. Ukitoa weupe, ni aluminiamu iliyopakwa shaba: hupitisha umeme kwa shida zaidi, na hukatika upesi ukikunjwakunjwa.

Baada ya hapo tazama unene. Spika iliyo mita 5 kutoka kwa amplifaya hula mita 10 za shaba, kwenda na kurudi. Kwa waya wa milimita 2.5 za mraba, ukinzani wote haufiki omu 0.1, na spika yenyewe ni omu 8. Hizo nyaya za fedha za bei ya pikipiki waachie wenye pesa za kuchezea.

Waya wa jeki za RCA ni habari nyingine. Ishara yake ni dhaifu, kwa hiyo wavu wa shaba unaozunguka uzi wa kati lazima ulehemiwe barabara kwenye ganda la jeki. Ukilegea, spika zitavuma kama mzinga wa nyuki. Pasha jeki moto kwanza kwa pasi ya kulehemu, ndipo uiguse kwa risasi. Risasi ikishaenea na kung'aa, ondoa pasi haraka kabla plastiki haijayeyuka. Na kifuniko kipitishe kwenye waya kabla hujalehemu, la sivyo utabandua kazi yote.